Matroni na Kiti Chake cha Mlangoni

Hakuwahi kuniita kwa jina langu. Kwake mimi nilikuwa Kumi na Nne, namba ya kitanda nilicholalia bwenini, na niliendelea kuwa Kumi na Nne hata nilipoolewa, nikazaa, nikapata kazi ya kukaa mezani kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Juba. Siku moja pale mtaa wa Malakia nilimwona akimsimamisha mwanamke wa serikalini, suti safi, ndiyo kwanza anashuka kwenye gari la vioo vyeusi. "Ishirini na Mbili!" alimwita, kwa sauti ile ile ya kutuamsha alfajiri. Yule mheshimiwa alikata simu na kunyoosha mikono yote miwili mbele, viganja chini, kama tulivyofundishwa. Dereva wake aligeuka akaangalia pembeni.

Mikono ilinyooshwa kwa ajili ya kucha. Kwa Matroni, salamu na ukaguzi wa kucha vilikuwa kitu kimoja. Anakushika mkono, unadhani anakusalimia, kumbe anaugeuza. Zikiwa ndefu anachomoa kikata kucha kilichoning'inia shingoni kwa uzi, na anakukata hapo hapo, watu wakiangalia. Kanisani, wakati wa sala, sote tulifumba macho isipokuwa yeye. Mchungaji wetu, mtu mzima mwenye wajukuu, alizoea kumpa mkono akiwa amekunja vidole.

Alizaliwa wapi sijui. Nimesikia maelezo matatu, yote kutoka kwake, na hayafanani. Ninachojua ni kwamba alikuwa matroni wa shule yetu ya bweni huko Kenya, upande wa Kitale, ambako wazazi wengi wa Sudani Kusini waliwaweka watoto wao miaka ile ya vita. Mama yangu alikuwa kambini Kakuma na wadogo zangu, na nilimwona Desemba tu. Matroni alikuwa mtu wa kwetu, na hilo lilikuwa na faida yake na hasara yake. Mwalimu Mkenya ukimlilia sana anakuhurumia. Matroni ukimlilia anakuambia, "Kalas! Mafi kalam!" yaani yameisha, hakuna maneno, na unarudi kufua.

Amani ilipokuja alirudi Juba na masanduku mawili, akafungua kibanda Malakia cha vitu vya shule: soksi, sabuni, masanduku ya bati, na vitambaa vya majina alivyoshona mwenyewe kwenye kola. Nyuma ya duka palikuwa na chumba kimoja alicholala. Alikuwa mtu wa kushangaza. Alichukia umbea, lakini alijua nani katika mtaa mzima ana minyoo. Alikataza peremende kwa sauti kubwa, kisha unamkuta mtoto nyuma ya kibanda ana shavu moja limevimba na ganda la peremende mkononi. Hakukumbatia mtu. Msiba ukitokea, wanawake wote wameangukiana wanalia, yeye yuko jikoni anawauliza wapishi kama wamenawa.

Hilo la kutokumbatia ndilo nililomshikia kinyongo kwa miaka mingi, na lilianzia kwenye kiti chake.

Kila mwaka ugonjwa fulani ulipita bwenini: surua, matumbwitumbwi, na zaidi ya yote tetekuwanga. Matroni alifungua chumba kidogo mwisho wa korido, akawaweka wagonjwa humo, halafu akaleta kigoda chake akakiweka nje ya kizingiti. Hakuvuka. Wasichana waliokwisha kuugua ndio walioingia kufanya kazi, naye akawaamrisha kwa namba kutoka mlangoni. "Thelathini, mgeuze Saba. Mpake mgongoni. Usisugue, gusa gusa." Alitaka dawa ile ya rangi ya waridi ipakwe kila doa, na wagonjwa wavishwe soksi mikononi wasijikune. Uji aliupitisha kwa mkono ulionyooka mpaka kitanda cha kwanza, basi. Msichana mmoja wa darasa la pili, homa imempanda, alimwita mchana kutwa aje amshike. Matroni alimwimbia tenzi kutoka mlangoni mpaka sauti ikamkauka, lakini hakuingia. Sisi tuliopita korido tuliambiana kwamba anatuona uchafu.

Mimi mwenyewe nilikuwa na kumbukumbu zangu za chumba kile. Kitanda cha karibu na dirisha, dawa ya waridi, uji wenye maziwa na mkate wa siagi, muwasho, na kumlilia mama yangu ambaye hakuwepo. Nimeyasimulia mara nyingi. Mama naye alikuwa akiwasimulia wageni, "Huyu aliugua peke yake, bila mimi," na machozi yanamtoka kila mara.

Sasa nifike kwa Poni, binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka mitano.

Alikuwa amekaa wiki mbili kwa shangazi yake huko Gudele, kwa kuwa mimba yangu ilikuwa imeingia mwezi wa tisa na nilichoka haraka. Jumapili jioni akaletwa. Nilipomwogesha niliona vipele vitatu tumboni, kimoja kina maji juu yake. Nikadhani ni mbu. Tulilala kitanda kimoja, uso wake shingoni kwangu, kama kawaida yetu baba yake anapokuwa safarini Wau. Asubuhi vilikuwa vimefika usoni.

Mama mwenye nyumba alimwona akashika mdomo. "Da marad ta gurud?" aliuliza, ule ugonjwa wa nyani uliokuwa ukizungumzwa redioni, na akawavuta watoto wake ndani kwa mashati. Tulipotoka barabarani, boda ya kwanza ilikataa kutubeba. Ya pili ilimwona Poni ikapita bila kusimama. Tukaenda kwa miguu, kanga juu ya kichwa chake, na mimi natembea huku nimeshika kiuno. Niliogopa kwa namna ambayo sikuwa nimewahi kuogopa, hata miaka ya risasi, kwa sababu risasi unaweza kuilalia chini.

Pale zahanati kulikuwa na muuguzi kijana aliyekulia Uganda. Alimwangalia Poni kwa muda, akatabasamu.

"Mama, hii si ya nyani. Hii ni tetekuwanga, ile burjum ya siku zote. Mtoto atapona." Kisha akaangalia tumbo langu na tabasamu likapungua. "Lakini wewe iko na mimba kubwa. Wewe ilishaugua hii?"

"Niliugua nikiwa shule."

"Kweli kabisa? Maana kama hapana, na ikushike siku ya kuzaa, mtoto ndogo anatoka nayo. Na mtoto ndogo hawezi hii. Hawezi."

"Niliugua," nikamwambia. "Hata kovu ninalo." Nikamwonyesha, hapa juu ya nyusi.

Alishusha pumzi. Akanipa dawa ya maji ya homa na chupa ya dawa ya waridi, akanikataza kabisa kumpa mtoto aspirini, na nikatoka pale nimefurahi. Nilikuwa mwepesi njia nzima. Nikakumbuka soksi za mikononi, na kwa kuwa Malakia haikuwa mbali, nikapitia kwa Matroni kununua jozi moja.

Alituona tukiwa mbali bado. Alinyoosha kiganja. "Simama hapo." Tukasimama katikati ya njia, watu wanatuzunguka. "Siku ya ngapi hii?"

"Ya pili, Matroni."

"Na wewe, na hilo tumbo, unafanya nini na huyu mtoto?"

"Mimi nilishaugua. Kule shule, si unakumbuka?"

Matroni alinitazama kama anayetafuta kosa kwenye mshono. "Wewe hujaugua," alisema.

Nilicheka. "Niliugua, Matroni. Kitanda cha dirishani."

"Kitanda cha dirishani alilala Kumi na Tatu. Kumi na Tano alilala chini yake. Wewe ulikuja mlangoni kwangu na madoa kumi na moja ya waridi. Umeiba dawa, umejipaka. Nikachukua pamba nikalowesha, nikapangusa, yakatoka yote. Chini hakuna kitu, ngozi safi kama ya mtoto wa kubatizwa. Nikakupeleka kusugua sufuria."

"Na kovu hili?"

"Hilo ni la kitanda cha juu. Ulianguka na mkate mdomoni."

Nilitaka kubisha. Badala yake nikasikia majivu kwenye vidole vyangu, na maji ya baridi ya bomba la jikoni, na nikaikumbuka barua. Jioni ile baada ya sufuria nilimwandikia mama kwamba nimeugua sana, ili aje. Nilikuwa na miaka tisa na nilimtaka aje. Hakuweza kuja, kutoka kambini kulihitaji kibali. Alinitumia gauni. Desemba aliponiuliza, nilimweleza dirisha, soksi, uji, yote niliyokuwa nimeyaona kutoka korido. Aliponililia, sikuweza tena kurudi nyuma. Nikayasimulia mpaka yakawa yangu. Mama amekufa akiamini hivyo, na mimi nilikuwa nimeishi nikiamini hivyo, na hapakuwa na mtu mwingine duniani wa kunisahihisha isipokuwa huyu mwenye duka la soksi.

Niliwaza uso wa Poni shingoni kwangu usiku mzima. Niliwaza maneno ya yule kijana: hawezi hii. Nilianza kulia pale njiani, na nasema wazi, nililia kwa woga tu, si kwa jambo lingine lolote.

Matroni tayari alikuwa anafunga duka. "Mtoto anabaki kwangu," alisema.

"Na wewe je?"

"Mimi niliugua kabla mama yako hajaota meno." Alilisema bila kupepesa.

Kisha akashuka barabarani, akainama, akamwinua Poni na madoa yake yote, akamweka mgongoni. Sikuwa nimewahi kumwona akibeba mtoto. Poni alilaza shavu kwenye bega lake. Na mimi, pamoja na woga wangu, nikaona wivu na hasira kidogo: kumbe alikuwa anaweza, basi kwa nini yule wa darasa la pili hakubebwa?

Nilirudi zahanati. Yule muuguzi alisikiliza kisa changu cha barua bila kunicheka. Alisema kuna sindano inayosaidia watu kama mimi, lakini hapo kwake mafi, na alipiga simu sehemu mbili nazo mafi. Kilichobaki ni kusubiri siku ishirini na moja.

Ambaye hajasubiri namna hiyo Juba, msimu wa mvua, hawezi kuelewa. Mbu hawana huruma. Kila asubuhi niliamka na vipele vipya na kila kimoja nilikifia. Nikaanza kuvizungushia duara kwa kalamu ya wino ili nione kama vitajaa maji au vitanywea. Mikono, miguu, tumbo lenyewe, nilijaa maduara ya bluu. Mume wangu alipiga kutoka Wau kila asubuhi na swali lake lilikuwa moja: "Mapya mangapi?" Namwambia saba. Nasikia tu injini ya lori lake ikinguruma. Mtoto tumboni akitulia naogopa, akicheza naogopa. Nilimwomba Mungu anisamehe ule uongo wa nilipokuwa na miaka tisa, nikaona aibu kumsumbua Mungu kwa jambo la dawa ya waridi, nikaomba tena.

Poni nilimsikia kwenye simu. "Mama, Matroni ananikata kucha kila siku, na hata hazipo!" Alipona upesi kama watoto wanavyopona. Hata hivyo Matroni alikataa kumrudisha mpaka gamba la mwisho lidondoke, na lilipodondoka alimwosha mara mbili ndipo akamleta, siku ya kumi na moja, mpaka kwenye lango. Yeye hakuingia. Alinyoosha shingo akahesabu maduara yangu kutoka mbali, akasema, "Mbu hao," akaondoka.

Siku ya kumi na sita nikasikia duka lake halijafunguliwa tangu juzi. Jirani yake muuza betri ndiye aliyeniambia. "Matroni ayan," alisema, mgonjwa, na akaongeza kwamba hataki mtu aingie.

Niseme kabisa hapa kwamba alipona, ingawa kifua kilimsumbua miezi miwili. Siku ya ishirini na moja ilipita nikiwa na alama za mbu tu, na mtoto akazaliwa ngozi safi, analia vizuri. Lakini asubuhi ile sikujua hata moja kati ya hayo. Nilipika uji wenye maziwa, nikamshika Poni mkono, nikaenda.

Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi, pazia limeshushwa. Nilipoliinua nilimwona amelala chali kwenye kitanda chake chembamba, na sikuhitaji muuguzi. Vilikuwa kila mahali, kwenye kope, kwenye midomo, katikati ya mvi, vikubwa kuliko vya Poni, kama mwili mzee hauujui ugonjwa huu wa kitoto. Alipumua kwa kukoroma. Mikono ilikuwa na damu mahali alipojikuna. Kucha zake zilikuwa ndefu. Sikuwahi kuziona hivyo.

"Rudi nyuma, Kumi na Nne."

"Ulisema umeshaugua."

"Na wewe ulimwandikia mama yako kwamba umeugua. Barua zenu zote nilizisoma." Akakohoa kwa muda mrefu. "Mwalimu mkuu aliniuliza matatu. Unajua kusoma? Unaweza kupika uji wa watu mia mbili? Umeshaugua magonjwa ya watoto? Nilijibu ndiyo tatu. Mbili zilikuwa kweli."

Niliuweka uji chini, kando ya mlango.

"Niliitaka ile kazi," alisema. "Halafu kila mwaka ikabidi nifungue kile chumba. Nilishawaona watu wazima wakifa kwa kitu hiki. Yule mdogo alivyokuwa ananiita..." Alifunga macho. "Nilikuwa nawaogopa, ya biti, binti yangu. Nilikuwa nawaogopa sana."

Nilisogea. Nilitaka kumshika, hata mguu, hata shuka. Kidole cha mguu wangu kiligusa kizingiti na ile sauti ya bwenini ikatoka kwenye kile kifua kibovu: "Mguu!" Nikaurudisha. Tumbo langu ndilo lililokuwa katikati yetu, na sote wawili tulilitazama. Niliogopa asije akafa mbele yangu, na niliogopa hewa ya chumba kile. Nilikuwa najichukia kwa woga wa pili, na sikuweza kuuacha.

Poni alipita chini ya mkono wangu. Kabla sijamwita alikuwa ameshapanda kitandani na kukaa. Yeye hakuwa na la kuogopa mle ndani. Aliuchukua mkono wa Matroni kama anayemsalimia, akaugeuza.

"Kucha," alisema.

Matroni alifungua jicho moja. Poni akakivuta kile kikata kucha cha shingoni, akajaribu ukucha mmoja, vidole vyake havikuwa na nguvu. Akafikiri. Akashuka, akaenda kwenye rafu ya duka, akarudi na jozi mpya ya soksi nyeupe, karatasi bado imebandikwa, na akamvisha mikononi, moja, halafu nyingine, akizivuta mpaka kwenye viwiko. Matroni alimwachia mikono yake yote miwili.

"Leo ni ya ngapi kwako?" aliniuliza, macho yamefumba.

"Kumi na sita, Matroni."

"Bado tano."

Chupa ya dawa ya waridi ilikuwa juu ya sanduku, nusu imebaki. Kigoda chake kilikuwa pale pale kwenye ukuta wa nje, kando ya mlango. Nilikivuta, nikakiweka mbele ya kizingiti, nikakaa na tumbo langu, nikalishikilia pazia kwa mkono mmoja.

"Poni," nikasema, "mgeuze polepole. Mpake mgongoni. Usisugue, mama. Gusa gusa."